Doa jeusi unyayoni: Bob alidhani ni mpira, mama mdogo akalipaka piko

Katika safu hii tumezoea kupiga stori za mitindo, mapenzi na vituko vya mjini. Wiki hii naomba mnivumilie kidogo. Nina jambo la miguu. Ndiyo, miguu, hiyo hiyo unayoipaka mafuta harakaharaka asubuhi ukikimbilia daladala.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye saluni moja ya Magomeni, siku ya Jumamosi, na kesho yake nilikuwa na harusi ya shoga yangu. Kichwa kimo kwenye drayer, miguu imo kwenye beseni. Mnawajua wale vijana wanaozunguka na vikapu vya rangi za kucha, jiwe la kusugulia visigino na msasa? Basi mmoja wao alikuwa ananihudumia. Akafuta rangi ya zamani kidole baada ya kidole, huku akipiga soga za Simba na Yanga. Alipofika kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, soga zikakatika. Akausogeza mguu wangu kwenye mwanga wa mlango.

"Sista, huu mstari ni wa siku zote?"

Nikainama kuangalia. Kweli bwana, kulikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, umetoka kwenye shina la ukucha mpaka nchani. Sikuwa na jibu. Tangu nimalize fomu foo kucha zangu hazijawahi kukaa wiki nzima bila rangi. Ningeuonea wapi?

Dada mmoja wa kiti cha pili akachungulia, akaguna, kisha akasema bila hata kuulizwa: "Mdogo wangu, hicho ndicho kilichomuua Bob Marley."

Saluni nzima kimya. Harusini kesho yake nilikwenda, lakini asikudanganye mtu, nilicheza nikiwa na kidole kimoja tu akilini.

BOB NA KIDOLE CHAKE

Nilipotulia nikaanza kuuliza na kusoma. Nilikuta yule dada hakukosea sana, ila alijua nusu ya habari.

Mwaka 1977 Bob Marley, mpenzi mkubwa wa soka, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira mjini Paris, na ukucha ukang'oka. Kidonda hakikupona. Kwa mtu wa mpira, kidonda cha kidole kina ajabu gani? Madaktari walipochunguza vizuri wakakuta melanoma, yaani kansa inayoanzia kwenye chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ilikuwa chini ya ukucha. Wakamshauri akatwe kidole. Akakataa, na imani yake ya Kirasta ilichangia uamuzi huo. Badala yake alifanyiwa upasuaji Miami, ukaondolewa ukucha na nyama za chini yake, na pale mahali pakabandikwa ngozi iliyotolewa pajani.

Akarudi jukwaani. Aprili 1980 alitumbuiza Salisbury, mji ambao leo ni Harare, kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka huo huo akaanguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Vipimo vikaonyesha kansa imeshafika kwenye ubongo. Siku chache baadaye akapiga onyesho lake la mwisho Pittsburgh, akaenda kutafuta tiba Ujerumani, na Mei 11, 1981 akafia Miami akiwa njiani kurudi Jamaika. Alikuwa na miaka 36 tu.

Hapa ndipo pa kushika vizuri. Mpira haukumpa Bob kansa. Mpira ulikuwa kisingizio tu, ulifanya kila mtu aone kidonda cha mchezaji badala ya ugonjwa uliojificha. Sasa jiulize, sisi wengine visingizio vyetu ni vipi? Viatu vimenibana. Nilikanyaga mwiba. Ni fangasi. Ni sugu. Ni jicho la mtu.

KWA DAKTARI WA NGOZI

Jumatatu nikajikokota mpaka hospitali kubwa moja ya jijini, kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, sauti ya ualimu. Nikamwamkia, nikavua kiatu, nikaanza moja kwa moja: "Shikamoo daktari. Nina ugonjwa wa Bob Marley."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Marahaba. Huo ugonjwa umeusomea wapi, binti? Lete mikono kwanza."

Mikono? Nikaifungua. Akafuta rangi kwenye vidole viwili kwa pamba, akanionyesha. Dole gumba la kulia, mstari. Kidole cha shahada cha kushoto, mstari mwingine uliofifia. Wote myembamba, kingo zimenyooka, rangi moja mwanzo hadi mwisho.

"Watu weusi wengi sana tuna mistari hii," akasema, "na inaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Ikiwa kwenye vidole kadhaa, imetulia, haipanuki, ni rangi yako tu imepita kwenye ukucha. Ningekukuta na mmoja peke yake, hasa kwenye dole gumba la mkono au la mguu, ulioanza ukubwani na unaopanuka, hapo nisingecheka."

Kisha akanichorea ukucha kwenye karatasi na kunitajia mambo ya kuogopa. Mstari unaozidi milimita tatu kwa upana. Mstari wenye rangi mbili tatu, kingo zake zimevurugika. Ukucha unaopasuka au kuchakaa pale pale penye mstari. Na kubwa kuliko yote, weusi unaomwagika kutoka kwenye ukucha na kuchafua ngozi inayouzunguka. Hiyo ya mwisho ilielezwa na daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, tangu karne ya 19, na mpaka leo madaktari wanaiita kwa jina lake.

"Na damu iliyovilia, kama mtu amejigonga?" nikauliza, maana kaka zangu wa mpira wa mchangani kucha zao zote nyeusi.

"Damu inasafiri na ukucha. Chora alama mahali weusi ulipoanzia, kisha subiri. Ukucha unavyokua, doa la damu nalo linasogea mbele, na kwenye shina unaanza kuona ukucha safi. Wa mkono unamalizika kwa miezi sita hivi, wa dole gumba la mguu waweza kuchukua mwaka na zaidi. Kama weusi hausogei, au unaanza upya kutoka kwenye shina kila siku, hiyo si damu. Usisubiri mwaka. Ukiona hausogei wiki kadhaa, njoo."

RANGI YETU NA MADOA YAKE

Nikamwuliza lile swali ambalo hata wewe msomaji unalo. Si tunaambiwa kansa ya ngozi ni ya wazungu wanaojianika juani?

Akanieleza hivi. Kila binadamu, mweusi kwa mweupe, ana chembechembe za kutengeneza rangi, na idadi yake haitofautiani sana. Tofauti ni kwamba zetu zinatengeneza rangi nyingi zaidi, ile inayoitwa melanini, nayo inatukinga na jua. Ndiyo maana melanoma kwetu ni chache kuliko kwa wazungu. Lakini ile tunayopata sisi haina habari na jua. Inapenda mahali pasipo weusi mwingi: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Mahali ambapo hatuangalii. Matokeo yake tunafika hospitali tumechelewa, na melanoma ni ugonjwa usiosamehe uchelewaji. Ikikatwa ingali nyembamba, chini ya milimita moja ya kina, wengi wanapona kabisa. Ikishazama na kusafiri mwilini, habari inakuwa nyingine.

Wenzetu wenye ualbino wao wana hesabu yao. Ngozi yao haina kinga ya melanini, jua linawaunguza, na kansa ya ngozi inawawahi wakiwa vijana. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimewahudumia tangu miaka ya tisini, na hapo ndipo mafuta yao maalumu ya kukinga jua yalipoanza kutengenezwa. Kofia pana na mikono mirefu kwao si mapambo. Na kwao kidonda chochote kisichopona, hata kama hakina weusi wowote, ni cha kupelekwa hospitali.

Tukarudi kwangu. Hofu ilikuwa imenishika, nikaanza kumwonyesha kila kitu nilichonacho mwilini. Akanipunguzia mzigo mmoja mmoja.

Kidoa changu cha shavuni, kile ambacho wavulana walikuwa wanakiita alama ya uzuri? Hakina neno. Ni duara, rangi moja, kimekaa hivyo tangu shule ya msingi.

Vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na shingoni kwa watu wazima, kama alivyo mwigizaji Morgan Freeman? Hakuna kansa pale. Vinarithiwa, vinaongezeka na umri, na anayevitoa anavitoa kwa urembo tu.

Madoa ya buluu kwenye makalio na mgongo wa mtoto mchanga? Mtoto hajapigwa wala hajarogwa. Ni rangi iliyobaki chini ya ngozi, na kwa kawaida inafifia mtoto anavyokua. Wasichana wa kazi wameshasingiziwa sana kwa ajili ya madoa hayo.

Na haya mabaka meusi ya buluubuluu kwenye mashavu ya akina dada? Hapo daktari alinitazama kwa jicho kali, ingawa mimi mkorogo sijapaka, naapa. Vipodozi vyenye haidrokwinoni vikitumika miaka mingi vinageuza kibao: unayetaka weupe unaishia na mashavu meusi kama masizi. Si kansa, lakini kuyaondoa ni kazi kwelikweli. Serikali ilishavipiga marufuku, na bado vinauzwa kwa mlango wa nyuma.

MASWALI MATANO

"Sasa basi," nikasema, "mtu wa kawaida atajuaje lipi zuri lipi baya?"

Akanipa maswali matano. Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York waliyapanga manne ya kwanza ili hata asiye daktari aweze kukumbuka, na la tano likaongezwa mwaka 2004. Chukua kalamu.

La kwanza, umbo. Likate doa katikati kwa macho yako. Nusu hii inafanana na nusu ile? Doa zuri hufanana. Doa baya limekaa upande.

La pili, kingo. Zimeviringika kama za sarafu, au zimechanikachanika kama ramani?

La tatu, rangi. Ni moja? Au kuna kahawia hapa, nyeusi pale, na sehemu nyingine wekundu, ujivu au weupe?

La nne, ukubwa. Likizidi milimita sita, sawa na kifutio cha nyuma ya penseli, lipewe heshima yake. Ila dogo pia laweza kuwa baya, kwa hiyo usilale.

La tano, mabadiliko. Hili ndilo baba lao. Doa linakua? Limeinuka? Linawasha, linatoa maji, linavuja damu bila kuguswa? Kidoa kilichotulia miaka 20 hakina haraka. Kilichotokea mwaka jana unyayoni na bado kinatembea, hicho kina jambo.

Na ukiwa na madoa mengi yanayofanana, mtafute yule mgeni, yule asiyefanana na ndugu zake. Huyo ndiye wa kuhojiwa.

FUNGUA MDOMO

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kuvaa kiatu.

"Fungua mdomo," akasema.

"Nimekuja na mguu, daktari."

"Rangi haikai mguuni peke yake. Fungua."

Akamulika tochi. Fizi zangu zina weusi unaozunguka meno, juu na chini. Bibi yangu kila siku ananiambia ufizi mweusi ndio uzuri wa mwanamke, na siku hiyo daktari akamuunga mkono: weusi wa fizi uliopo tangu utotoni, uliosambaa sawa kulia na kushoto, laini, usiobadilika, ni wa kawaida kabisa kwa Mwafrika. Hata vile vitone vyeusi kwenye ncha ya ulimi wengi tunavyo. Wala si dalili ya mtu mwongo, kama nilivyotishwa utotoni.

Akaendelea. Mvutaji sigara anaweza kupata weusi kwenye fizi za mbele, na akiacha kuvuta unapungua pole pole. Jino lililozibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha linaweza kuacha doa la kijivu kwenye ufizi wa jirani, halina madhara. Baadhi ya dawa pia hutia weusi mdomoni na kwenye kucha, kwa hiyo mwambie daktari dawa zote unazomeza, bila kuona haya.

Sasa ya kuangalia. Melanoma ya mdomoni ni nadra, lakini ni katili. Inapenda kaakaa, yaani dari ya mdomo, na ufizi wa juu. Mwanzoni haiumi hata kidogo. Inaanza kama baka jeusi, baadaye inavimba, inavuja damu, jino linalegea. Mtu mzima anayeona baka jipya jeusi kwenye kaakaa asisubiri maumivu, maana maumivu yanakuja mwisho.

Yupo mwingine, Kaposi. Kansa hii aliieleza Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872, na huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwepo hata kabla ya ukimwi, ikikamata miguu ya wazee wa kiume. Ukimwi ulipoingia, ikalipuka. Inaleta mabaka au vinundu vya zambarau, ambavyo kwenye ngozi nyeusi vinaonekana kahawia iliyokolea au weusi kabisa: miguuni, usoni, na sana kwenye kaakaa na fizi. Mara nyingine mdomoni ndipo inapoonekana kwanza. Vijana wenzangu, ukiona hivyo, kapime virusi. Si hukumu ya kifo. Kwa wengi, dawa za kufubaza virusi peke yake zinalisinyaza doa, na wengine wanaongezewa dawa za kansa.

Na mwisho, mtu ambaye fizi, mistari ya viganja na makovu yake vinageuka vyeusi vyote kwa pamoja, huku anakonda, anachoka, anapata kizunguzungu na kutamani chumvi. Huyo hana kansa ya ngozi. Tezi zilizo juu ya figo zake zinashindwa kazi, na miongoni mwa visababishi vyake ni kifua kikuu. Inatibika, lakini ikipuuzwa inaua. Unaona jinsi mdomo unavyosema?

Nikapewa mkono wa kwaheri na kazi ya nyumbani. "Wewe mzima. Lakini umekuja kwa sababu kijana wa kikapu alikushika mguu. Nyumbani kwenu nani anawashika miguu? Kaangalie nyayo za wazazi wako."

PIKO LA MAMA MDOGO

Mama yangu alinivumilia, nikamkagua, salama. Jumapili yake nikavuka kwenda Tandika kwa mama mdogo, aliyenilea tangu darasa la tatu.

Sasa mama mdogo ni fundi wa hina na piko. Mabibi harusi wangapi wa Temeke wamepita mikononi mwake, hata yeye hajui. Na fundi hakosi tangazo: nyayo zake mwenyewe hazijawahi kukaa bila hina nyekundu, na pembeni amezungushia piko jeusi tii. Nilipomwambia nataka kuangalia miguu yake akacheka. "Mwanangu, unataka kuninunulia viatu?"

Mguu wa kushoto safi. Mguu wa kulia akaurudisha chini ya kanga.

"Huo una sugu tu."

Ilinichukua chai mbili na maneno mengi. Alipoutoa, nikaona kisigino kimekandikwa piko zito kuliko mahali pengine. Nikaloweka, nikasugua pole pole kwa kitambaa. Hina ikabaki na wekundu wake. Chini yake kuna kitu ambacho hakikutoka.

Upande mmoja mweusi kama mkaa. Upande wa pili wa kahawia, kingo zimechanika kama ufukwe wa bahari kwenye ramani. Ukubwa wa sarafu. Katikati kidonda kibichi. Nikayakumbuka yale maswali matano moja baada ya jingine, na kila moja jibu lake likawa baya.

Akanieleza yote. Lilianza miaka miwili nyuma, kama tone la chai. Akadhani amekanyaga kitu. Likakua, akalichonga kwa wembe, likavuja damu, likarudi. Duka moja la dawa likampa mafuta ya fangasi. Zahanati moja ya mtaani ikampa mafuta mengine, hakuna aliyemwambia lipimwe. Kisha akaona haya. Fundi wa urembo mwenye kidonda kisigino, nani atampa mguu wa bibi harusi? Akalipaka piko.

Kumpeleka hospitali kulinichukua wiki tatu. Majirani walishamjaza kwamba uvimbe ukiguswa na kisu ndio unasambaa. Nilimuuliza yule daktari, akajibu kwa hasira kidogo: kisu hakisambazi, kinachosambaza ni kuchelewa. Kinyama kinachokatwa hospitali kinakwenda maabara na kurudi na jina. Kinachokatwa kwa wembe uani kinakwenda jalalani, na jina halijulikani.

Kilichomwinua mama mdogo hatimaye sikukitegemea. Usiku mmoja nilimsimulia habari za Bob, kidole, ukucha, yote. Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Kumbe na yule naye aliogopa kukatwa?" Kesho yake alfajiri tukapanda daladala.

Majibu yalikuwa melanoma. Wakakata doa na kipande cha ngozi nzima kulizunguka, wakabandika ngozi ya pajani, kama walivyomfanyia Bob. Mguu haukukatwa. Lakini tezi moja ya kinena ilikutwa na ugonjwa, nayo ikatolewa, na sasa tunahudhuria kliniki ya saratani kila baada ya miezi mitatu. Daktari hakutuahidi makubwa. Alisema tutakwenda tukihesabu miaka.

Siku tuliyoruhusiwa, mama mdogo alisema neno moja ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Ningelionyesha lilipokuwa tone la chai."

KABLA HUJAPAKA, ANGALIA

Basi wapenzi, hii ndiyo kazi ninayowaachia. Mara moja kwa mwezi, siku utakayofuta rangi, usipake nyingine hapo hapo. Ziache kucha wazi siku moja uzione. Kaa penye mwanga, geuza nyayo, tenganisha vidole, angalia viganja. Kisigino usichokiona, weka kioo sakafuni, au mwite dada, kaka, mume, mchumba. Mgongo akuangalizie yeye. Kisha chukua kioo na tochi, inua mdomo wa juu, angalia fizi, tupa kichwa nyuma uone kaakaa. Dakika kumi hazifiki. Ukiona kitu kipya, kinachobadilika, au kidonda kisichopona wiki tatu, nenda hospitali useme neno hili: "Naomba kipimwe." Ukipewa mafuta na hakijapona, rudi. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, au wa meno kama ni mdomoni. Usichome, usichonge, usibandike.

Wengi wenu mtaambiwa kama nilivyoambiwa mimi, kwamba ni rangi yenu tu. Mtacheka, mtarudi nyumbani, mtapaka rangi mpya. Hiyo ndiyo raha ninayowatakia.

Na yule kijana wa kikapu? Nilirudi Magomeni kumtafuta. Nikamlipa, nikamwongezea ya soda, nikamsimulia habari za mama mdogo. Alikaa juu ya ndoo yake, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo, wateja wake wa saluni ile wananiambia, jamaa hapaki rangi mpaka kwanza augeuze mguu juu na kuuliza swali lake lile lile: "Sista, hii ni ya siku zote?"

Akikuuliza, usimnunie. Mjibu kweli.